Tabora, Mji wa Wapitaji

Mpenzi msomaji, umepata kufika Tabora? Kama hujafika, nifuate leo polepole, nami nitakuonyesha njia. Sitakutembeza madukani wala sitakuuzia asali, ingawa asali ya Tabora ni tamu na sifa zake zimefika mbali. Nataka nikufikishe penye uwanja mmoja wa saruji wenye vikapu viwili vya chuma, ambapo mwezi wa Juni mwaka 2023 nilijifunza jambo ambalo sikufundishwa katika chuo cha ualimu.

Mimi ni karani wa parokia huko Mwanza. Nilisomea ualimu, nikapata cheti, nikangoja kupangiwa shule. Nilipokuwa nimengoja sana, Padre aliniita akasema, "Mwalimu, mwandiko wako ni mzuri. Njoo utusaidie ofisini." Tangu siku ile kazi yangu ni kuandika ubatizo, ndoa na mazishi, kutoa vyeti na kupokea michango. Watu wameendelea kuniita Mwalimu, nami siwakatazi.

Safari yangu ilitokana na binti wa dada yangu. Mpwa wangu huyu ni mrefu, mwepisi wa miguu, na tangu kidato cha kwanza hakupenda mchezo mwingine ila mpira wa kikapu. Mwaka ule alikuwa Tabora, kidato cha tano. Mashindano ya taifa ya shule za sekondari, ambayo sote tunayajua kwa jina la UMISSETA, yalikuwa yanafanyika mjini humo humo. Dada yangu hakuweza kuacha biashara yake, akanipa nauli na kanga mpya mbili, akasema, "Nenda ukamtazame mtoto. Usirudi na habari za kusikia."

NJIANI

Tuliondoka Mwanza saa kumi na mbili asubuhi. Yale mawe makubwa ya kwetu, yaliyopandana kama magunia, yalibaki nyuma, na mara tukawa katika nchi tambarare ya Usukuma. Tulipita Misungwi, tukapita Shinyanga, tukafika Tinde, ambapo njia inagawanyika, moja kwenda Kahama na moja kwenda Nzega. Juni ni mwezi wa kiangazi. Mashamba ya mpunga yalikuwa yamekwisha kuvunwa, ng'ombe wakila mabua, na upepo ukivusha vumbi barabarani.

Nzega basi lilisimama. Akina mama wakatuzunguka madirishani na karanga, mayai ya kuchemsha na michembe, yaani vile viazi vitamu vilivyokaushwa ambavyo Wasukuma na Wanyamwezi huvila wakati wa njaa na hata wakati wa shibe. Nilinunua michembe ya kumpelekea mpwa wangu. Kutoka hapo nchi hubadilika. Miti huwa mingi, mizinga ya nyuki hutundikwa juu yake, na hewa hukauka mpaka midomo ikapasuka. Mchana tukaingia Tabora.

Huu ni mji wa wapitaji. Katika karne ya 19 misafara yote mikubwa kutoka Bagamoyo ilipumzika hapa, halafu mingine ikaelekea Ujiji na mingine ikapanda kaskazini. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe na nguo kwa mabega yao mpaka pwani, wakarudi. Kwihara, nje kidogo ya mji, ndipo Livingstone na Stanley walipokaa pamoja mwaka 1872 kabla hawajaagana. Ndipo hapa Tabora pia Mtemi Isike wa Unyanyembe alipopigana na Wajerumani, akachagua kufa ndani ya ngome yake Januari 1893 kuliko kushikwa. Reli ilifika mwaka 1912, na tawi la kwenda Mwanza likafunguliwa mwaka 1928. Mtu wa Kigoma na mtu wa Mwanza wote hupitia hapa waendapo Dar es Salaam kwa treni.

Na baada ya wapagazi wakaja wanafunzi. Mwaka 1937 kijana mmoja wa Butiama alifika kusoma katika shule ya serikali ya Tabora. Jina lake Julius Nyerere. Baadaye alirudi kufundisha katika shule ya Mtakatifu Maria mjini humo. Basi kuhama kwao na kwenda kusoma ugenini si jambo geni Tabora. Mji wenyewe umejengwa na watu waliotoka mbali.

MPWA WANGU NA MAJI YA KWETU

Nilimkuta mpwa wangu kambini, amevaa jezi ya mkoa wa Tabora. Nakiri, msomaji, moyo wangu ulishtuka. Miaka miwili tu nyuma binti huyu alivaa jezi ya Mwanza, nami nilikuwa nimesimama nje ya uwanja wa Mirongo nikipiga kelele mpaka sauti ikanikauka.

"Shikamoo, Mjomba," akasema huku akicheka. "Naona unaitazama jezi."

"Marahaba, mwanangu. Naitazama, ndiyo. Mkataa kwao ni mtumwa."

"Sikukataa kwetu, Mjomba. Serikali ndiyo iliyonileta. Na hata hivyo, maji tunayokunywa hapa ni ya kwetu."

Alisema kweli. Siku hizi maji ya Ziwa Victoria huletwa kwa mabomba mpaka Nzega, Igunga na Tabora. Mradi huo ulizinduliwa Januari 2021. Nikakosa la kujibu, nikampa michembe yake.

Hapa yafaa nieleze kidogo, maana wasomaji wengine hawakusoma siku nyingi. Katika UMISSETA shule haichezi kwa jina lake mpaka mwisho. Wanafunzi hushindana kwanza baina ya shule na shule, wakachaguliwa walio bora wa wilaya, na kutoka wilaya zote hutolewa timu moja ya mkoa. Kwa mfano, msichana wa Ukerewe na msichana wa Kwimba ambao Mei walisukumana chini ya kikapu, Juni hulala chumba kimoja na kuvaa jezi moja ya Mwanza. Nchi yetu ina mikoa 31, kuhesabu na mitano ya Zanzibar, na kila mkoa hutaka kurudi nyumbani na kikombe.

Lakini wanafunzi wamalizao kidato cha nne na kufaulu hupangwa kidato cha tano katika shule za nchi nzima. Mtoto wa Mara hujikuta Mbeya, wa Tanga hujikuta Kagera. Ndivyo mpwa wangu alivyoletwa Tabora kusoma Historia, Jiografia na Kiingereza. Akafika na sanduku, godoro na viatu vya mpira, na mwaka uliofuata mkoa wa Tabora ukawa na mlinzi mpya ambaye haukumgharimu hata shilingi. Je, kuna kosa? Hakuna. Jina lake lilibandikwa hadharani pamoja na shule yake, kila mtu akalisoma. Mwanza tulinung'unika kidogo, kisha tukacheka.

Jioni ile timu yake ilicheza na vijana wa kwetu mchezo wa kujipima nguvu tu. Mpira wa kikapu wa wakubwa huchezwa kwa robo nne za dakika kumi kumi, kwenye uwanja wa mita 28 kwa 15, na kikapu hutundikwa mita 3.05 kutoka chini. Lakini vipimo havikuelezi ulivyo. Inakupasa uwasikie wasichana kumi wakikimbia juu ya saruji, viatu vikilia, mmoja akiita, "Nipo! Nipo!" na mpira ukipita kutoka mkono hadi mkono kabla jicho halijauona. Rafiki zake wa zamani walimzomea mpwa wangu kwa utani kila alipodunda mpira. "Mnyamwezi wa jana huyo! Mwulizeni kama anajua njia ya Bagamoyo!" Naye akapenya katikati yao akatia kikapu, akawajibu, "Nimepajua. Nimewabebea mzigo huo, pokeeni."

Walifungwa, wakashinda, sikumbuki vema. Nakumbuka kwamba baada ya filimbi wote kumi walikaa chini ya mwembe mmoja wakala michembe niliyoileta, nami sikupata hata kipande. Wazee wetu walijua siri hii. Misafara ile ya pwani ndiyo iliyozaa utani wa Wanyamwezi na Wazaramo, ili watu wanaogombea njia moja wapate kutukanana bila kuuana. Ushindani wa mikoa ukiwa utani, ni chumvi ya mchezo.

MGENI WA OFISINI

Sasa nirudi nyuma kidogo, maana kuna jambo sijakueleza.

Mwezi wa Februari mwaka ule ule wa 2023 mtu mmoja alifika ofisini kwetu. Alivaa vizuri, akasalimu vizuri. Alisema ni mwalimu wa michezo wa shule moja ya mkoa mwingine. Sitaitaja shule, wala mkoa, maana nia yangu si kumwaibisha mtu. Alikuja kwa ajili ya msichana mmoja wa parokia yetu.

Msichana huyo nilimjua. Alicheza pamoja na mpwa wangu katika shule ya kata, akiwa nyuma yake kwa darasa moja. Watu wengi walisema alimzidi. Mama yake huuza dagaa kule Kirumba, na baba alikwisha fariki. Matokeo ya kidato cha nne yalikuwa yametoka majuma machache nyuma, na msichana alikuwa ameshindwa.

"Bwana Karani," yule mgeni akasema, "tunataka kumsaidia mtoto. Shule itamlipia ada, sare, chakula, kila kitu. Mama yake naye atapata laki mbili za kuanzia. Tunahitaji cheti cha ubatizo tu, ili tukaombee cheti cha kuzaliwa."

"Hilo ni rahisi," nikasema, nikafungua daftari.

"Ila," akasema, "kuna marekebisho madogo." Akanisogezea karatasi. Juu yake palikuwa na jina jingine kabisa, na mwaka wa kuzaliwa 2007. Daftari langu lilisema 2004.

Nikamwuliza jina lile ni la nani. Akanieleza bila haya, kama mtu aelezaye bei ya nyanya. Lilikuwa jina la mwanafunzi wao aliyeacha shule akiwa kidato cha pili. Jina lilikuwa bado hai katika kumbukumbu za shule, na namba yake ipo. Palihitajiwa mtu wa kulivaa. Msichana wetu angeingia kidato cha tatu kwa jina lile, angecheza miaka miwili, kisha wangemtafutia chuo. Chini ya karatasi palikuwa na noti za elfu kumi zimekunjwa.

Katika michezo ya shule, wachezaji wa namna hii huitwa mamluki. Viongozi huwakemea kila mwaka, na kila mwaka hutafutwa wengine.

Nilimrudishia fedha zake. Nikamwambia kwamba daftari la ubatizo huongezewa habari pembeni, ya kipaimara au ya ndoa, lakini halifutwi. Jina alilopewa mtoto mbele ya wazazi na msimamizi wake hukaa hapo hata karatasi igeuke rangi. Akainuka, akaniaga kwa adabu, akaenda zake. Nami nikafunga daftari nikajiona mtu mwema sana.

Kosa langu lilianzia hapo, msomaji. Kutoka ofisini kwetu mpaka kibandani kwa yule mama ni mwendo wa nusu saa. Sikwenda. Nilisema moyoni, "Mimi nimekataa, yamekwisha." Baada ya mwezi nikasikia kwamba binti ameondoka, amepata shule. Karatasi zilipatikana kwingine. Na mama yake alipokutana nami kanisani aligeuza uso, kwa kuwa alikuwa ameambiwa kwamba karani alitaka kumzibia mtoto riziki.

JINA LILILOITWA

Siku ya tatu ya kukaa kwangu Tabora nilikwenda uwanjani mapema. Palikuwa na mzozo. Walimu wa mkoa mmoja walikuwa wamekata rufaa juu ya wachezaji wa mkoa mwingine, nao wasimamizi waliwapanga wasichana wa timu ile mstari mmoja kando ya uwanja ili wahakikiwe. Msimamizi alishika fomu zenye picha, akaita jina moja moja, na kila aliyeitwa alijibu, "Nipo."

Nilikuwa nimeegemea ua wa waya, pamoja na watazamaji wengine. Likaitwa jina. Kimya. Likaitwa mara ya pili. Msichana wa saba katika mstari akashtuka, akasema, "Nipo."

Jina lile nilikuwa nimelisoma juu ya karatasi Februari. Na uso ule nilikuwa nimeuona tangu ukiwa na miaka mitano, mstari wa mbele, siku za mafundisho ya watoto.

Msimamizi hakuwa mtu mkali. Alimwuliza kwa upole alisoma shule gani ya msingi. Akajibu. Alimwuliza mwalimu mkuu wa shule ile alikuwa nani. Akanyamaza. Akainua macho kutafuta mahali pa kuyaweka, na macho hayo yakanikuta mimi.

Ningependa kukuambia kwamba nilifanya jambo la maana. Sikufanya. Nilitazama chini, nikaona viatu vyangu vimejaa vumbi.

Kisha nikasikia sauti yake. "Hilo si jina langu," akasema. Na hapo akataja majina yake matatu, lake, la baba yake na la babu yake, kama yalivyo katika daftari letu. Aliyataja kwa sauti kubwa, hata wale waliokuwa wakinunua maji nje ya ua wakageuka.

Mambo yaliyofuata yalikwenda haraka. Timu yake ilipoteza mchezo ule bila kucheza. Wasichana wenzake, ambao wengi wao hawakuwa na kosa lolote, walilia wakavua viatu. Mmoja alimtukana, mwingine akamshika mkono. Walimu wakarushiana lawama. Hata kufika jioni yule bwana wa Februari alikuwa hajulikani alipo, na simu yake imezimwa. Mtoto wa watu akabaki na mfuko mmoja wa nguo, katika mji asioujua, bila nauli.

Mpwa wangu ndiye aliyekwenda kumtafuta. Alimkuta nyuma ya bwalo, akampa kanga moja kati ya zile mbili alizotumiwa na mama yake. Nami nikaenda kwa wasimamizi, nikajieleza mimi ni nani. Tukampigia mama yake, akakubali, na kesho yake tukapanda basi pamoja kurudi Mwanza.

NJIA YA KURUDI

Mpaka Nzega hakusema neno. Hapo nilimnunulia karanga, akala chache, kisha akaanza mwenyewe.

"Mwalimu, mimi sikutaka kumwibia mtu. Nilitaka kucheza tu."

Nikamwambia najua.

Akanieleza kwamba bwenini aliitwa kwa jina lile usiku na mchana. Mama yake alipopiga simu, ilimbidi amwulizie kwa jina lile, naye mama alilisahau mara mbili, wakamwambia hakuna mtu kama huyo. Alipougua malaria, cheti cha dawa kiliandikwa jina la mwingine. Darasani alikaa nyuma, maana hakuna mwalimu aliyemjali. Alikuwa wa kucheza. "Ningekufa kule," akasema, "wangemzika yule msichana mwingine."

Nikatazama nje dirishani. Tulikuwa tumefika kwenye mashamba ya Usukuma, na ng'ombe walikuwa wakila mabua kama siku ile ya kwenda.

Tulipofika Kirumba mama yake alitupokea kwa kimya. Alimvua binti yake mfuko begani, akampa maji ya kuoga. Halafu akanigeukia. "Mwalimu, wewe ulijua. Mbona hukuja kuniambia?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

SI KWETU TU

Msidhani wasomaji kwamba haya ni ya nchi yetu peke yake. Jirani zetu wa Kenya wana utaratibu mwingine. Kwao shule hucheza kwa jina lake, ikapanda kutoka kaunti hadi kanda, na kutoka kanda hadi taifa. Kanda zenyewe ni nane, kwa mfano wa majimbo ya zamani, ingawa serikali za kaunti zilikwisha anza kazi mwaka 2013. Shule kama Kaya Tiwi ya Kwale na Butere Girls ya Kakamega zimejulikana sana kwa mpira wa kikapu wa wasichana, na pwani na magharibi hutaniana kweli kweli. Washindi huenda kwenye michezo ya shule za Afrika Mashariki, iliyofanyika Arusha mwaka 2019 na 2022, na Huye, Rwanda, mwaka 2023. Mahali ambapo shule ndiyo inayobeba kikombe, hamu ya kuvuta wachezaji kutoka mbali huwa kubwa zaidi.

Hata Marekani, ambako mchezo huu ulibuniwa na James Naismith mwaka 1891, na mwaka uliofuata Senda Berenson akawafundisha wasichana wa chuo cha Smith, wanagombana juu ya jambo hili hili. Katika majimbo mengi mwanafunzi akihama shule bila wazazi wake kuhama, huweza kuzuiwa kucheza kwa muda. Jimbo la Florida lililegeza sheria mwaka 2016, wengine wakafurahi, wengine wakalalamika kwamba shule kubwa zitawameza wadogo.

Wala kuhama si kubaya. Hasheem Thabeet wetu wa Dar es Salaam alikwenda kumalizia sekondari Houston, akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili katika ligi kubwa ya Marekani. Angebaki nyumbani, huenda tusingemjua. Mpwa wangu naye kuhama kumemfaa. Mwezi wa Mei mwaka 2024 alimaliza kidato cha sita, na Kinyamwezi amekijua.

NENO KWA WAZAZI

Basi ninyi wazazi na walezi mnaosoma ukurasa huu, huenda siku moja mgeni mwenye adabu atapiga hodi kwenu akimtaka binti yenu kwa ajili ya mpira. Msimfukuze. Mkaribisheni, mpeni kiti, lakini mwulizeni maneno haya.

Ataandikishwa kwa jina gani, na mwaka gani wa kuzaliwa? Ataingia kidato gani, na je, ndicho kidato chake? Barua ya uhamisho itapita kwa mwalimu mkuu wa shule anayotoka na kwa afisa elimu, au itapita dirishani? Akiumia goti mwezi wa kwanza, nani atamlipia ada mwezi wa pili? Na je, mambo haya yote mgeni anaweza kuyasema kwa sauti mbele ya jirani zenu?

Hilo la mwisho ndilo kubwa. Mpwa wangu alihama, na jina lake likabandikwa ukutani. Yule mwingine alihama, na jina lake likafichwa. Wote wawili walivaa jezi ya ugenini. Mmoja alikuwa mgeni, na mwingine alikuwa amepotea.

Nanyi walimu wa michezo, wenzangu wa chuoni, nawasihi. Najua mnavyobanwa. Mkuu wa shule anataka kikombe, mkoa unataka kikombe. Lakini kikombe hukaa kabatini, na mtoto lazima akae mahali fulani baada ya Juni. Fikirini atakaa wapi.

Utataka kujua, msomaji, habari za yule msichana. Alijiandikisha kurudia mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Siku alipokuja ofisini kuomba cheti cha ubatizo kwa ajili ya cheti chake cha kuzaliwa, nilifungua daftari, nikamsomea jina lake, la baba yake, la mama yake, na la msimamizi wake, nikamwuliza kama yote ni sahihi.

"Ni sahihi, Mwalimu," akasema. "Hata mwaka."

Nikaandika. Siku za Jumamosi huwafundisha wasichana wadogo wa mtaa wetu kudunda mpira. Hawana uwanja wa saruji, wana udongo uliosagwa na pete moja ya chuma iliyofungwa kwenye nguzo. Kabla hawajaanza huwapanga mstari mmoja akaita majina yao, na asiyejibu mara ya kwanza hukimbia mzunguko mzima.

Nami siku hizi nikifunga ofisi, huchukua njia ya Kirumba. Ni mwendo wa nusu saa tu.